Nyoka wa Kukaushia Taulo

Veniamini Kuzmich alikuwa fundi wa kila kitu isipokuwa kile alichoombwa na mkewe. Simsingizii, jengo zima pale Izhevsk linajua. Miaka thelathini na minne alifanya kazi karakana ya tramu, akastaafu na cheti cha shukrani na saa ya ukutani. Pikipiki yake ya kizamani, ile yenye kigari ubavuni, huwaka kwa teke moja hata siku ambayo mate yanaganda kabla ya kufika chini. Baiskeli za watoto wa jirani, redio za wajane, kufuli za magereji ya watu, vyote vilipita mikononi mwake vikapona. Lakini nyoka wa bafuni kwake alicheza ukutani nusu mwaka, na mkewe, Rimma Pavlovna, alisema, akasema, mpaka akanyamaza.

Huyo nyoka si wa kuuma. Ni bomba la chuma lililokunjwakunjwa, limefungwa kwenye ukuta wa bafu. Maji moto ya jengo hupita ndani yake, na juu yake watu huanika taulo na soksi. Jengo lina ghorofa tisa, na nyumba zilizopangana juu na chini zinategemea bomba moja: maji yanashuka, yanaingia kwa nyoka wa huyu, yanatoka, yanaingia kwa nyoka wa aliye chini yake, hivyo hivyo mpaka chini kabisa. Nyoka mmoja akitolewa, nyumba tisa hazina maji moto. Kwa hiyo hakuna anayemgusa nyoka wake ovyo, na Veniamini aliitumia sababu hiyo vizuri sana.

"Venya, nyoka analegea," Rimma alimwambia mwezi wa kumi.

"Nitamkaza."

"Venya, kishikizo cha juu kimetoka nusu," alimwambia mwezi wa kwanza.

"Nikimtoa sasa hivi watu watanitafuna mzima mzima. Ngoja kiangazi, wakifunga maji."

Rimma hakuwa na shida ya kukausha taulo. Alikuwa na miaka sitini na sita na magoti mabovu, na hodhi la kuogea katika nyumba zile lina ukingo mrefu. Akimaliza kuoga, alimshika nyoka kwa mkono wa kulia, akajivuta, akapitisha mguu mmoja, kisha wa pili. Nyoka wao alikuwa vuguvugu tu, taulo likikauka kesho yake, kwa hiyo mkono haukuungua.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa nne, Rimma alijivuta kama kawaida, kishikizo kikachomoka pamoja na bonge la ukuta, naye akaenda chini. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Veniamini alikuwa gereji, anachezea kabureta, na simu ilikuwa kwenye koti alilolitundika mlangoni. Rimma alilala sakafuni kwa muda wa saa mbili na nusu. Wahenga walishasema habari ya ufa na ukuta. Huyu bwana hakuziba ufa, na ukuta ukaja kujengwa ndani ya mwili wa mwingine, bolti tatu za chuma katika nyonga ya Rimma.

Binti yao, Elvira, anakaa Kazan. Alikuja, akahangaika na madaktari, akarudi kazini, akaja tena. Kwa baba yake hakupiga kelele hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha Veniamini. Mwezi wa sita alimpigia simu.

"Alhamisi tarehe ishirini na moja namtoa mama hospitali," alisema. "Nitampitisha hapo nyumbani, nitaingia bafuni. Nikikuta kitu cha kushika ambacho hakitamwangusha, atabaki. Nikikuta hadithi, sipandishi hata begi. Tunapitiliza Kazan."

"Kwa majira ya joto tu?"

"Baba, unanielewa vizuri."

Alimwelewa. Alishawaona akina mama wa jengo lile wakienda kwa watoto wao kwa majira ya joto tu. Bi mmoja wa ghorofa ya pili alikwenda hivyo hivyo, na sasa nyumbani kwake wanakaa wanafunzi wa chuo. Veniamini alikata simu, akaketi jikoni, akaliangalia birika. Aliogopa, na alijua kwamba anastahili kuogopa.

Elvira alikuwa amemshauri anunue kishikizo cha plastiki, vile vyeupe wanavyouza duka la dawa kwa ajili ya walemavu. Alikataa. Ukuta mmoja tu wa bafu ndio zege, nao ni ule wa nyoka. Kuta nyingine ni vibao vya chokaa, hata kioo cha kunyolea hazikiwezi. "Nitamfunga nyoka," alisema, "kiasi kwamba ukimfunga ng'ombe hapo hang'oki."

Na kiangazi kilikuwa kimefika. Kila mwaka katika mji ule hufunga maji moto wiki mbili ili wajaribu mabomba. Karatasi hubandikwa mlangoni, na hapo ndipo kila mwenye kazi ya bafuni huifanya. Jengo zima linanguruma kwa drili. Mwaka huo karatasi ilisema tarehe kumi mpaka ishirini na nne. Veniamini alikuwa na siku kumi na moja kabla ya Elvira kufika. Alianza kazi Jumatatu tarehe kumi na nane. Hizo siku nane za mwanzo alizifanyia nini, mimi sijui, ila pikipiki ilikuwa inang'aa.

Asubuhi hiyo alivaa ovaroli la karakana, akapanga spana juu ya gazeti, akaweka ndoo. Maji yamefungwa, kwa hiyo bomba ni tupu. Ndivyo alivyowaza. Mtu wa tramu anajua kwamba umeme ukikatwa umekatika. Akaikaba nati ya chini kwa spana ya bomba, akaning'inia juu yake, nati ikalia, ikazunguka robo.

Maji meusi yakamrukia usoni.

Kufunga maji si kuyamwaga. Ghorofa nne za maji yaliyotulia zilikuwa zimekaa juu ya kichwa chake, zikingoja mjinga. Ndoo ikajaa kabla hajaifuta midevu yake. Alipoirudisha nati mahali pake, sakafu ilikuwa ziwa, na mlango ulikuwa unagongwa.

Alikuwa Faina Gerasimovna wa ghorofa ya nne, chini yake kabisa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Amevaa kofia ya mvua.

"Veniamini Kuzmich," alisema kwa upole wa kuogofya, "kwangu kunanyesha."

"Ajali kidogo, Faina Gerasimovna."

"Naona. Dari nililipaka rangi mwezi wa tano. Lilikuwa jeupe. Sasa lina ramani ya bara la Afrika, na mito yote."

"Nitalipaka."

"Utalipaka lini? Kiangazi, wakifunga maji?"

Jengo zima lilikuwa linajua maneno yake, na hilo lilimuuma kuliko maji. Faina alitazama ziwa, akaitazama nati, akatikisa kofia.

"Mwite Rinat akafungue koki ya chini. Mtoto wa darasa la tano anajua, maji yasiyoshuka chini yatakushukia wewe."

Rinat alikuwa fundi bomba wa ofisi ya majengo, Mtatari mnene mwenye funguo za vyumba vya chini vya majengo kumi na moja. Katika wiki mbili zile Rinat ni mfalme. Watu waliomwita mlevi mwaka mzima sasa wanamwita kwa heshima na jina la baba yake. Veniamini alimpigia simu Jumatatu saa nne.

"Kesho, Kuzmich."

"Kesho saa ngapi?"

"Kesho ni ndefu," Rinat alisema, akakata.

Jumanne alikaa dirishani tangu asubuhi. Saa tatu hakuna mtu. Saa tano hakuna mtu. Alipiga simu mara sita, na kila mara ikamwimbia tu bila kupokelewa. Ajabu ni kwamba hasira ile aliijua, aliitambua sura yake, lakini alikuwa hajawahi kuketi upande huu wa neno "kesho". Hakulipenda wazo hilo, akalifukuza, akashuka kumtafuta Rinat.

Alimkuta jengo la jirani, chumba cha chini, ameketi juu ya bomba lililofungwa matambara, anakula tango kwa chumvi na yai la kuchemsha.

"Kuzmich, karibu. Vua kofia, hapa chini sana."

"Ulisema kesho. Leo ndiyo kesho."

"Na bado haijaisha," Rinat alisema, akatafuna. "Una haraka gani? Umekaa na huyo nyoka tangu enzi za mkate wa kopeki kumi na sita, leo ndiyo unakimbia?"

"Rimma anarudi keshokutwa."

Rinat akaacha kutafuna. Alimfahamu Rimma, kila alipokwenda kwao kutengeneza kitu, Rimma ndiye aliyempa chai na kumuuliza habari za mama yake. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Kwa nini hukusema tangu jana?"

"Ungekuja?"

"Kwa ajili yako nisingekuja. Kwa ajili yake ningekuja."

Walikwenda, Rinat akafungua koki, na maji ya safu nzima yakashuka yakinguruma kwenye shimo la majitaka. "Bomba tupu," alisema. "Lakini sikiliza nikuambie. Maji yakirudi, hayabishi hodi. Kama hujamfunga nyoka wako, Faina wa watu ataogelea. Na usiende kufanya ujanja wa kuweka koki kwako. Hapo kwako maji hayana njia nyingine. Ukikaza wewe, wanne wa chini yako wanaoga barafu, na mimi ndiye ninayetukanwa."

"Karatasi inasema tarehe ishirini na nne."

"Karatasi haina maji ndani yake, Kuzmich."

Jumatano ilikuwa siku ya nati. Nati za nyoka zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa imepakwa rangi mara sita au saba, kwa sababu kila walipopaka bafu rangi, Veniamini huyo huyo alisema, "Pitisha brashi humo humo." Alikwangua. Alipaka mafuta ya taa, akangoja. Alipiga nyundo kwa adabu, kisha bila adabu. Spana iliteleza, vidole vinne vikakwaruzika ukutani, akatukana kwa lugha mbili, Kirusi na Kiudmurti cha bibi yake, na ile ya bibi ilimfaa zaidi. Kutoka chini ilisikika Faina akigonga bomba kwa kijiko mara tatu, maana yake acha kelele. Naye akagonga mara moja, na maana yake nisiitafsiri.

Nati ya chini ilitoka saa tano. Ya juu ilikataa kata kata. Aliipasha moto kwa taa ya gesi, rangi ikanuka mpaka macho yakatoka machozi, akaning'inia tena kwa uzito wake wote, miguu ukingoni mwa hodhi. Alikuwa na miaka sitini na nane, moyo unadunda masikioni, na alijikuta anasema na nati kama mtu anavyosema na karani: mama, nisaidie, nina mgonjwa. Ikalegea saa saba.

Akambeba nyoka mabegani mpaka uani. Alipomwinamisha, pakamwagika uji wa kutu, mwekundu mzito, na vipande vya chokaa kama maganda ya mayai. Tundu lililokuwa limebaki lisingepitisha hata kidole. Hapo palikuwa pa kusema basi, kazi yangu ni kishikizo tu, nimrudishe kama alivyo. Mwingine angefanya hivyo. Lakini Veniamini hakuweza kurudisha chuma kichafu mahali pake, mikono yake ilikataa. Akamgonga, akamsukumia waya ndani, akamwaga siki, akamsukutua kwa mpira wa maji baridi mpaka maji yakatoka meupe. Saa mbili nzima. Alipochungulia upande huu akaona mwanga wa upande ule, akafurahi kweli kweli. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Kisha akatoboa zege matundu manne mapya, ya kina, akaingiza bolti za karakana zinazoshikilia viti vya tramu. Akazungushia katani kwenye nyuzi za bomba, akaipaka rangi ya mafuta, akakaza nati moja, akakaza ya pili. Saa mbili jioni, kungali na jua, alimshika nyoka kwa mikono miwili, akainua miguu yote, akaning'inia kama nguo. Hakuna kilichotikisika. Akashuka, akapiga deki, akajitazama kwenye kioo. Uso mweusi, macho mekundu. Usiku huo alilala kama gogo.

Asubuhi ya Alhamisi aliamshwa na mlio. Bomba lilikohoa, likapiga miluzi, likatikisika kutoka juu mpaka chini. Maji yalikuwa yamerudi siku tatu kabla ya karatasi. Veniamini alikimbia bafuni na nguo za ndani, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya nati. Pakavu. Ya juu, pakavu. Akaketi ukingoni mwa hodhi, akacheka peke yake.

Alikuwa hajamaliza kuvaa, Faina Gerasimovna akagonga. Safari hii hakuwa na kofia. Alikuwa na sahani ya perepechi za moto, vile vikombe vya unga vyenye nyama na yai.

"Chukua. Nilisema nikikuletea kitu kitakuwa hati ya mahakama, lakini chukua."

"Kuna nini?"

"Kuna maji moto. Moto wa kweli. Nimepiga simu ghorofa ya pili, nimepiga ya kwanza, wote wanalia kwa furaha. Miaka ishirini ofisi ya majengo wanatuambia tatizo ni mji, tatizo ni makaa, tatizo ni serikali. Kumbe tatizo ni nyoka wako, Veniamini Kuzmich. Ulituziba koo wewe."

"Nilimsafisha," alisema, na hakuweza kuficha tabasamu.

"Dari bado utalipaka," Faina alisema, akashuka.

Alirudi bafuni na perepechi mkononi, ili amtazame tena nyoka wake. Akatafuna, na bila kufikiri akaushika ule mkunjo wa juu, pale pale ambapo Rimma hushika.

Akaachia mara moja.

Akaweka sahani chini, akashika tena kwa makusudi. Moja, mbili, tatu, haikuwezekana kufika nne. Nyoka alikuwa anawaka kama birika. Mwenye miaka ishirini anayeruka nje ya hodhi angeweza kumgusa akapita. Mwanamke mwenye bolti tatu nyongani, anayetakiwa kuegemeza uzito wote hapo na kupitisha mguu polepole kama daktari alivyomfundisha, huyo angeachia katikati.

Jamani, kuna hasira isiyo na mtu wa kumrushia. Rinat hakumkosea, Faina hakumkosea, ofisi ya majengo haikumfanyia lolote. Alikuwa amefanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya nyumbani kwake, na kwa kazi hiyo hiyo amemfukuza mkewe. Alipiga ngumi ukutani, ukuta wa chokaa, ikabaki alama ya vidole vinne.

Alimpigia Rinat. Rinat alisikiliza, akavuta pumzi. "Nilikuambia habari ya koki, Kuzmich."

"Nipunguze kidogo tu. Leo tu."

"Umewapa watu maji moto saa moja asubuhi, saa nne unawanyang'anya? Watakutupa dirishani. Na mimi nitawashikia mlango." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mfunge taulo."

Alimfunga taulo. Taulo likazunguka mkononi kama utelezi. Akalikaza kwa kamba, kamba ikateleza nalo. Akaleta mpira wa tairi la ndani la pikipiki, akaukata, akauvisha. Ukaanza kunuka na kulainika. Akauvua, akachoma vidole. Alirudisha taulo. Ilikuwa saa sita kasoro, na lifti ilikuwa inapanda.

Rimma aliingia akiegemea mkongojo. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa fupi na mtu asiyejua, koti limekuwa kubwa. Elvira alikuwa nyuma yake, mikono mitupu. Veniamini aliitazama ile mikono mitupu kabla ya kumtazama mkewe usoni, na aliona haya kwa hilo.

"Begi liko wapi?"

"Kwenye teksi. Dereva anasubiri," Elvira alisema. "Karibu tuone bafu."

Bafu lile linaenea watu wawili na nusu. Elvira aliingia, akaziangalia zile bolti, akapiga kofi ukutani, akavuta kishikizo cha juu, akavuta cha chini. Lazima niseme ukweli, uso wake ulilainika kidogo. "Hii ni kazi," alisema. Kisha akamshika nyoka pale lilipo taulo, akajivuta kwa uzito wake. Taulo likazunguka, kiganja kikaenda kwenye chuma. Akaurudisha mkono, akavinyonya vidole.

"Baba. Hiki ni kishikizo au jiko?"

"Nilimsafisha. Alikuwa ameziba."

"Nani alikutuma umsafishe?"

Hakuna aliyemtuma. "Nipe siku mbili," alisema. "Nitatoboa hapo chini yake, nitafunga chuma kingine, kisichopitiwa na maji. Zege lipo, nafasi ipo. Siku mbili, Elya."

"Umekuwa na siku ngapi? Hesabu mwenyewe, mimi sitaki kuhesabu." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. "Alilala hapo chini, baba. Hapo uliposimama. Alikuwa anakuita. Mama, twende, dereva atatuacha."

Veniamini alitazama sakafu. Alikuwa na maneno mengi kifuani, kuhusu nati na rangi na Rinat na karatasi ya mlangoni, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa.

Rimma alisogea na mkongojo wake mpaka mlango wa bafu.

"Elya, toka kidogo. Mnajaza."

Elvira akatoka. Rimma akaingia, akaegemea sinki, akamtazama nyoka, akamtazama mumewe.

"Venya, wewe unadhani nilikuwa namshika huyu kwa sababu ni imara?"

"Kwa sababu gani basi?"

"Mwanzoni nilikuwa nakuita. Magoti yalipoanza tu. Venya, njoo unipe mkono. Unasema nakuja. Nakaa, maji yanapoa, ngozi inakunjamana, wewe unakuja. Siku moja nikaona chuma kiko karibu, nikashika chuma."

"Sikusikia, Rimma."

"Ulisikia. Kila siku uliitikia."

Alitaka kukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Lakini kilichomjia hakikuwa hasira, akageuza uso upande wa ukuta, akakutana na alama ya ngumi yake mwenyewe.

Rimma akauegemeza mkongojo kwenye sinki. "Lete mkono," alisema.

Akampa. Ulikuwa mkono mchafu wa kutisha, kucha nyeusi, vidole vimechubuka, viwili vina malengelenge. Rimma hakuujali. Akaushika juu ya kiwiko, na akiwa bado na viatu vyake vya hospitali na koti lake kubwa, akapitisha mguu mzima ndani ya hodhi kavu, kisha ule mbovu. Akasimama humo, akapumua. Kisha akaanza kutoka. Hapo ndipo penyewe. Alipoinua mguu, uzito wote ulimwangukia Veniamini mkononi, na mkono ule ulikuwa umening'inia kwenye spana siku mbili. Ukaanza kutetemeka.

"Unatetemeka," Rimma alisema, mguu ungali hewani.

"Najua."

"Usiniachie."

"Siachii."

Elvira alikuwa amesimama mlangoni, mikono imenyooshwa mbele, hajui amdake nani. Mguu ukashuka sakafuni. Kisha wa pili. Rimma alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo.

"Jumatano na Jumamosi," alimwambia mumewe. "Nitaita mara moja tu. Ukiniambia nakuja, huku umekaa, nampigia Elya simu nikiwa humo humo ndani ya maji. Na hiyo siku sitakuaga, Venya. Nakuambia mapema."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Wewe sema umesikia."

"Nimesikia."

Rimma akageukia mlango. "Kalete begi, mwanangu. Dereva wa watu asubiri nini?"

Elvira hakuondoka mara moja. Alimtazama baba yake muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kutia msumari. "Mara moja tu, baba," alisema. "Akinipigia mara moja tu, nakuja." Kisha akatoka, na wakasikia lifti ikishuka.

Veniamini alitaka kuketi. Lakini Rimma alikuwa bado hajamwachia mkono, basi akasimama pale pale.